Kabla ya Kufungua Bloku

Ukitoka Waiyaki Way na kushika James Gichuru kuelekea Lavington, barabara inakushusha hadi mtoni, kisha inakupandisha upande wa pili. Kilima chenyewe ni kifupi; mwenye gari hata hakitambui. Asubuhi moja nilikuwa nimepakiwa kwenye bodaboda hapo, gunia la viazi limefungwa nyuma yangu kwa mpira, na tulipofika katikati injini ikaanza kuguna. Kijana aliyekuwa akiniendesha akashusha gia hadi ya pili. Ikaguna bado. Akashusha hadi ya kwanza, tukamaliza kilima kwa mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Kule juu akageuza shingo akaniambia, "Pole, mzee. Hii kitu siku hizi haivuti. Mwisho wa mwezi naifungua bloku, naweka kubwa."

Maneno hayo nimeyasikia kwenye steji za Kangemi, Uthiru na Kawangware mara zisizohesabika. "Haivuti" ndiyo malalamiko ya kwanza, na bloku kubwa, yaani silinda yenye ujazo mkubwa zaidi, ndiyo dawa ya kwanza inayotajwa. Baada yake hufuata kabureta kubwa, kamshafti ya mashindano, silensa iliyotolewa matumbo. Mimi mwenyewe nina pikipiki ya 125 ya muundo wa Honda CG. Nimeiendesha kati ya Uthiru na mjini kwa miaka mingi, na dawa hizo nimezijaribu zaidi ya moja. Pesa zinazopotea hapa ni za watu wanaohesabu kila shilingi kabla jioni haijafika, na ndiyo sababu nataka tuikalie hesabu yenyewe. Ukiifanya bila haraka, inakupeleka mahali tofauti na pale tunapoanzia wengi wetu.

Tuanze na neno lenyewe. Mwanaboda anaposema pikipiki inavuta, anazungumzia kile ambacho mafundi waliosomea huita torki, yaani nguvu ya kuzungusha. Ni ile nguvu unayoitia kwenye nati unapoikaza kwa spana: spana ikiwa ndefu, mkono uleule unakaza zaidi. Torki hupimwa kwa nyutoni-mita, na Nm 10 ni karibu sawa na kuning'iniza kilo moja kwenye ncha ya spana yenye urefu wa mita moja. Sasa chukua Boxer 150 ya Bajaj, pikipiki inayoonekana karibu kila steji ya Nairobi. Ujazo wa injini yake ni cc 144.8, na kiwanda kinasema inatoa Nm 12 na kitu, injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika. Hiyo ni kama kilo moja na robo kwenye ncha ya ile spana. Injini nzima, pamoja na kelele zake zote, inasokota kwa uzito unaozidi kidogo nusu ya paketi ya unga ya kilo mbili.

Kinachomwinua abiria na gunia la viazi ni gia. Kati ya krenki na gurudumu la nyuma kuna hatua tatu za kuzidisha nguvu hiyo: meno ya klachi, sanduku la gia, na mwisho kabisa sproketi mbili zilizounganishwa na cheni. Kwa pikipiki nyingi za aina hii, gia ya kwanza huizidisha mara 30 hivi, na gia ya juu mara 10 hivi. Ukilielewa hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Nusu nyingine ni ardhi. Magharibi ya Nairobi imekatwakatwa na mito inayotoka miinuko ya Kikuyu na Limuru ikielekea mashariki: mto Nairobi wenyewe, Mathari, Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo, na vijito vingi ambavyo majina yake yanajulikana na wenyeji tu. Kati ya mito kuna migongo ya ardhi. Barabara zinazofuata mgongo, kama Waiyaki Way, hupanda polepole kwa kilomita nyingi. Zile zinazokata mito, kama James Gichuru, au vichochoro vya kutoka Loresho hadi Kitisuru, hushuka na kupanda ghafla. Mwenye bodaboda hawezi kuzikwepa hizo za pili, kwa maana ndizo zinazompa riziki: kwenye nyingi kati yake matatu hazipiti. Nayo Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022 na kuishia Westlands, hairuhusu pikipiki, kwa hivyo anayebeba mboga kutoka soko la Marikiti kwenda Kangemi bado anapita chini, Museum Hill, Chiromo, kisha Waiyaki Way, akisimama na kuondoka, akisimama na kuondoka.

Tupige hesabu ya kilima. Pikipiki kilo 120, mwendeshaji 70, abiria 70, gunia 40: jumla kilo 300. Kwenye mteremko unaoinuka mita moja kwa kila mita kumi, mlima peke yake unairudisha pikipiki nyuma kwa nguvu ya kilo 30. Ukimwondoa abiria na gunia, inabaki kilo 19. Maana yake abiria na gunia wameongeza kazi ya kilima kwa zaidi ya nusu. Hakuna bloku, kabureta wala kamshafti inayouzwa Nairobi itakayokuongezea nusu ya nguvu ya injini. Kanuni za mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, za mwaka 2015 kuhusu pikipiki zinaruhusu abiria mmoja tu, na ingawa ziliandikwa kwa ajili ya usalama, klachi yako nayo itakushukuru ukizifuata.

Kuna mzigo mwingine usioonekana kwa macho, nao ni hewa. Kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti kiko mita 1,798 juu ya bahari. Katika kimo hicho msukumo wa hewa ni kama asilimia 81 ya ule wa Mombasa. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa msukumo huo tu, kwa hivyo kila pistoni inaposhuka, silinda inapata hewa pungufu kwa karibu moja ya tano, na torki inapungua kwa kiasi kama hicho. Ile Boxer ya Nm 12 na kitu ikifika Dagoretti ina Nm 10 hivi. Nusu ya paketi ya unga kamili, basi. Ukiipeleka Limuru, kwenye mita zaidi ya 2,200, inapungua tena. Anayehama kutoka Pwani na pikipiki yake huapa kwamba imeharibika njiani, kumbe ni ileile na haina kasoro yoyote.

Sasa hapa ndipo pesa ndogo hufanya kazi kubwa. Hewa imepungua, lakini kabureta ya kawaida haina macho ya kuliona hilo. Jeti yake iliyotobolewa kwa ajili ya hewa nzito ya bahari inaendelea kumwaga petroli nyingi kuliko inavyofaa, takriban sehemu moja ya kumi zaidi kwa kimo chetu. Injini inalewa petroli. Fungua plagi baada ya safari ndefu uitazame: ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, na filta ya hewa ni safi, petroli inazidi. Ikiwa na rangi ya kahawia isiyokolea, mambo ni shwari. Ikiwa nyeupe, acha kila kitu uende kwa fundi leo hii, kwa sababu hapo petroli ni pungufu, joto limezidi, na pistoni inaweza kutoboka.

Dawa ya plagi nyeusi ni kushusha jeti kuu kwa namba moja au mbili, mathalani kutoka 100 hadi 95, kisha kuipima upya. Jeti ni kipande cha shaba nyeupe au njano kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, na kukibadilisha hakuhitaji zaidi ya nusu saa. Nimeona pikipiki iliyokuwa ikikohoa kila ikipita Chiromo ikitulia kwa jeti moja tu. Ila ukishuka nayo Mombasa, irudishe ile ya zamani kabla ya kuanza kukimbia barabara kuu. Kule chini hewa ni nzito na jeti ndogo itainyima injini petroli. Pikipiki mpya zinazotumia mfumo wa kunyunyiza petroli kwa sensa hujirekebisha zenyewe, kwa hivyo mwenye nazo aliruke hili.

Kabla ya kununua nguvu mpya, inafaa kuuliza ile ya zamani imekwenda wapi. Pikipiki ya kazi huko Kawangware au Dagoretti inameza vumbi jekundu kutwa nzima. Filta ikiziba, injini inapumua kwa taabu. Tapeti zikikazana, valvu hazifungi sawasawa na kompresheni inavuja; zikilegea, valvu hazifunguki vya kutosha. Kwa CG, nafasi inayotakiwa ni milimita 0.08 tu kwa valvu zote mbili, ikipimwa injini ikiwa baridi. Nimewaona mafundi wakikadiria kwa kidole na sikio. Baadhi yao wana masikio ya ajabu, nakiri, lakini bamba la kupimia ni bei rahisi na halichoki jioni.

Klachi nayo inawadanganya wengi. Dalili yake ni moja: uko kwenye kilima katika gia ya tatu, unafungua mafuta, sauti ya injini inapanda lakini mwendo haubadiliki. Hapo injini inavuta vizuri kabisa. Pleti za klachi ndizo zinazoteleza. Mtu akiweka bloku kubwa kwenye klachi ya namna hiyo, atakuwa amelipia nguvu ya kuchomea pleti. Breki ya nyuma iliyokazwa kupita kiasi, cheni kavu, tairi lisilo na upepo, vyote hula kutoka ile nusu ya paketi ya unga. Yule kijana wa James Gichuru tulipofika nilimwomba ainue gurudumu la nyuma alizungushe kwa mkono. Lilizunguka nusu duara likasimama. Breki ilikuwa imeshika tangu alipobadilisha viatu vya breki hiyo juma lililopita.

Tukishamaliza hayo, na pikipiki bado haitoshi kwa kazi yake, ndipo tunaingia kwenye kuboresha. Na hapa nina msimamo ambao sitauficha: kwa bodaboda ya magharibi ya Nairobi, hatua ya kwanza ni sproketi.

Tuseme pikipiki yako ina meno 14 mbele na 42 nyuma. Uwiano wake ni 3 kamili. Ukiweka meno 13 mbele, unakuwa 3.23, na nguvu inayofika kwenye tairi inaongezeka kwa asilimia 7.7 katika kila gia, tangu injini inapoanza kunguruma hadi mwisho wa mizunguko yake. Ukiacha mbele kama ilivyo na kuweka 45 nyuma, unapata asilimia 7.1. Hakuna kitu ndani ya injini kilichoguswa. Haipati joto zaidi wala haihitaji petroli bora zaidi, na kama hukupenda, unarudisha ya zamani kabla chai haijapoa.

Duka la vipuri la Kirinyaga Road, barabara ambayo wazee bado huiita Grogan, huwa na sproketi zimetundikwa kwa waya ukutani kama mafungu ya funguo. Nenda na ile yako ya zamani mfukoni. Muuzaji atakuuliza, "Ya mbele ama ya nyuma? Meno ngapi?" Wewe iweke yako juu ya ile mpya, macho yakiangalia tundu la katikati: mikato ya ndani lazima ifanane kabisa, na unene wa jino uwe wa cheni yako, ambayo kwa nyingi za hizi ni ya 428. Kwenye CG sproketi ya mbele inashikiliwa na bamba dogo na bolti mbili za spana ya 10. Unafungua kifuniko cha kushoto, unalegeza ekseli ya nyuma ili cheni ipate nafasi, unatoa bolti mbili, unageuza bamba kidogo, sproketi inatoka mkononi ikiwa imejaa grisi nyeusi na mchanga. Pangusa, weka mpya, kaza, vuta cheni hadi ibaki na mchezo wa vidole viwili hivi katikati. Mita ya kasi ya pikipiki hizi husoma gurudumu la mbele, kwa hivyo haitakudanganya baada ya hapo.

Gharama yake ipo, na ni haki kuitaja. Pale ambapo injini ilikupeleka kilomita 60 kwa saa, sasa kwa mizunguko ileile inakupeleka 56 hivi. Anayekimbia Southern Bypass hadi Gitaru kila siku ataichukia sproketi ya 13. Injini italia njia nzima na petroli itaondoka haraka. Pia cheni inayopinda kwenye sproketi ndogo huchakaa upesi, na ndiyo maana mwenye kazi nyingi ni afadhali aongeze meno nyuma kuliko kupunguza mbele, ijapokuwa ya nyuma ni ghali zaidi na huenda akahitaji cheni ndefu. Lakini kwa anayezunguka Kangemi, Loresho, Lavington, Kileleshwa, ambaye gia ya mwisho anaiona mara mbili kwa siku, hasara hiyo ni ndogo mno. Nitaongeza jambo moja linalosahaulika: tairi kubwa la nyuma hufanya kinyume cha haya yote. Tairi lenye kipenyo kilichoongezeka kwa asilimia 5 linakunyang'anya asilimia 5 ya mvuto, hata kama linapendeza machoni.

Sasa bloku, ambayo ndiyo hamu ya wengi.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ovasaizi: fundi wa mashine anapanua silinda iliyochakaa na kuweka pistoni kubwa kidogo. Silinda ya CG125 ina kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni inasafiri milimita 49.5, ujazo wake ni cc 124. Ukiweka ovasaizi ya milimita moja nzima, unapata cc 128.5, ongezeko la asilimia 3.6. Soma tena tarakimu hizo mbili: jino moja la sproketi, asilimia 7.7; kufungua injini, kupeleka bloku kwa mashine, kununua pistoni, ringi na gasketi, asilimia 3.6. Mtu anayefanya ovasaizi na kurudi akisema pikipiki yake imekuwa simba, husema kweli, lakini nguvu aliyoipata ni kompresheni iliyokuwa ikivujia kwenye ringi za zamani. Ringi mpya kwenye silinda iliyopimwa vizuri ingempa sehemu kubwa ya simba huyo.

Njia ya pili ni bloku ya 150 juu ya krenki ya 125. Ndugu mkubwa wa CG ana kipenyo cha milimita 62 na safari ileile ya 49.5, ujazo cc 149. Hapo kuna ongezeko la kweli, karibu asilimia 20, na linapatikana tangu mizunguko ya chini, ambalo ndilo tunalolitaka. Kwa anayebeba mzigo mzito kutwa, siwezi kulidharau. Ila silinda hiyo ni nene, na mdomo wa kasha la chini wa 125 haujatengenezwa kuipokea. Lazima uchongwe kwenye mashine. Ukichongwa kombo, injini haina maisha. Joto linaongezeka. Krenki na bearingi zake zinapokea pigo kubwa kuliko zilivyokusudiwa, na klachi itataka springi ngumu zaidi. Niliwahi kulipia kazi ya namna hiyo mahali ambapo niliambiwa ingekuwa tayari jioni. Ilikuwa tayari jioni kweli. Majuma sita baadaye, karibu na Kinoo, injini ikanoki, na nilipoifungua nikakuta pistoni imekwaruzwa upande mmoja toka juu hadi chini. Nikilinganisha gharama ile, na siku nilizokaa bila pikipiki, na bei ya kuuza 125 yangu na kununua 150 iliyotumika ya kiwandani, nilikuwa nimepita bei hiyo.

Halafu kuna karatasi. Logbook inataja ujazo wa injini na namba yake, na sheria ya trafiki inamtaka mwenye chombo kuyatolea taarifa mabadiliko yanayozifanya taarifa hizo zisiwe za kweli. Bima iliyoandikwa kwa 125 siku ya ajali itasomwa na mtu anayetafuta sababu ya kutolipa. Wakati serikali ilipoondoa kodi kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, na nakala za CG kutoka China zikamiminika, vipuri vilivyoingiliana viligeuka kuwa bahari, na tabia ya kuchanganya injini ikatokana na bahari hiyo. Tabia hiyo imewasaidia wengi kurudi barabarani, lakini logbook haiijui.

Kuhusu kamshafti za mashindano, nitakuwa mfupi. Kamshafti hiyo huacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi ili injini ijae hewa ikiwa kwenye mizunguko ya juu sana. Kwenye mizunguko ya chini, sehemu ya mchanganyiko uliokwisha kuingia inasukumwa nje tena kupitia valvu ambayo bado haijafunga. Unapoteza pale unapopandia kilima ili upate pale ambapo mwanaboda hafiki. Iwe kwa vijana wa mashindano, sawa. Kwa kazi ya James Gichuru, hapana.

Kabureta kubwa ni ndugu yake. Mimi nilitoa ya milimita 26 nikaweka ya 30, nikiamini mlango mkubwa utaingiza hewa nyingi. Katika mizunguko ya chini pistoni haivuti hewa ya kutosha kujaza mlango huo, hewa inapita polepole, na hewa inayopita polepole haiwezi kuinyonya petroli ikaisambaza vizuri. Kila nilipofungua mafuta nikitoka taa za Museum Hill, injini ilikohoa, ikasitasita, kisha ikaruka mbele kwa ghafla. Kwenye foleni hiyo ni hatari ya kweli: nilikaribia kuigonga matatu kwa nyuma. Nilirudisha ya 26 na nikafarijika siku hiyohiyo.

Na silensa. Wengi huamini kwamba kuitoa matumbo kunafungua pumzi ya injini. Kwa injini ndogo inayofanya kazi kwenye mizunguko ya chini, silensa ya kiwandani imepimwa ili mawimbi ya moshi yanayorudi yasaidie silinda kujaa wakati unaofaa. Ukiiharibu, mara nyingi unapunguza mvuto wa chini, halafu sauti inakuambia umeuongeza, kwa sababu sikio linachanganya kelele na nguvu. Wagonjwa wa Upper Hill na watoto wanaosoma Kileleshwa wanalipa gharama hiyo pia. Kanuni za mamlaka ya mazingira, NEMA, za mwaka 2009 kuhusu kelele zipo. Ningependa zaidi mtu aache kwa ajili ya jirani yake.

Kompresheni inastahili neno tofauti. Kukata kichwa cha silinda kidogo, ili nafasi ya kulipukia iwe finyu zaidi, huongeza torki kwa mizunguko yote, hasa ya chini. Mahali pa chini kama Mombasa jambo hili huleta kugonga, petroli ikijilipua kabla ya wakati wake. Kwetu hewa ni nyepesi, msukumo ndani ya silinda ni mdogo, kwa hivyo kuna nafasi kidogo ya kuongeza bila kudhuru. Ni moja ya zawadi chache za kuishi juu hivi. Lakini ni kazi ya sehemu za milimita, kwa fundi wa mashine mwenye vipimo na anayejua kuangalia kama valvu haitagusa pistoni. Baada ya sproketi, kama ningekuwa na pesa ya jambo moja tu ndani ya injini na fundi ninayemwamini, ningechagua hili kabla ya bloku.

Sijataja bado kitu kisichogharimu chochote. Wengi wetu tumezoea kupandisha gia mapema tukiamini tunaokoa petroli, kisha tunaingia kilimani injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500 katika gia ya juu. Torki ya injini hizi iko juu zaidi kuanzia 4,000 hadi 5,000 na kitu. Kushusha gia kabla ya kilima, wakati pikipiki bado ina mwendo, kunampa mwendeshaji kile anachotaka kukinunua. Kusubiri hadi igune ndipo ushushe ni kuipakia klachi mzigo mara mbili. Mwendeshaji mzee wa steji ya Mountain View, aliyenibeba miaka mingi, alikuwa akishusha gia pale pale chini kwenye daraja, kabla hata macho hayajainuka kukiona kilima. Pikipiki yake ilikuwa ya 100. Nilizihesabu siku nyingine zile 150 tulizozipita.

Mjadala wote huu unabadilika mbele ya mota ya umeme. Mota hutoa torki yake yote tangu gurudumu likiwa limesimama, na haipumui, kwa hivyo kimo cha Dagoretti hakiipunguzii chochote. Ampersand ilianza biashara yake Kigali, mji wenye vilima kuliko wetu, mwaka 2019, kisha ikaja Nairobi. Roam, iliyoanza ikiitwa Opibus mwaka 2017, inaunda pikipiki zake hapahapa mjini. Wanaoziendesha wakipita Chiromo huondoka kwenye taa kabla wenzao hawajamaliza kuachia klachi. Vilima huzila betri, hilo ni kweli, na anayeishi mbali na kituo cha kubadilishia betri lazima apange njia zake kwa uangalifu. Lakini mwenye kufikiria kutumia maelfu ya shilingi kwenye bloku mwaka huu, na ambaye pikipiki yake imechoka kila mahali, aziweke pesa hizo mezani pamoja na hesabu ya pikipiki ya umeme kabla ya kumpigia fundi simu.

Kijana wa James Gichuru nilimpata tena baada ya majuma matatu, steji ileile. Viatu vya breki vilikuwa vimelegezwa, tapeti zimepimwa, jeti imeshuka namba moja, na sproketi ya mbele ilikuwa na meno 13, ikimetameta bado. Bloku hakuifungua. Nilipanda, akapachika kreti mbili za nyanya mbele yake juu ya tangi, tukashuka hadi mtoni. Chini kwenye daraja akashusha gia hadi ya pili, na hakuigusa tena hadi tulipotokea Lavington.